Nchi Isiyo na Jirani

Goreth alirudi Kigoma mwezi wa nane, amenenepa, amevaa miwani, na kabla hata hajaketi akauliza kama migebuka, samaki wa ziwa letu, bado inapatikana. Nikamwambia inapatikana, ila si ile minene ya zamani. Alikuwa amekuja kunipa habari ya msiba ana kwa ana, kwa sababu hakutaka nisikie kwenye simu: mama yake, Bibi Veronika, amezikwa huko Nyuzilandi, katika mji wa Wellington, kwenye makaburi ya mlimani ambako upepo haupumziki. Nililia. Nililia kuliko yeye, mpaka mfiwa ndiye akawa ananibembeleza mimi niliyepaswa kumpa pole, na nikaona haya, maana alidhani nalia kwa mapenzi tu. Mapenzi yalikuwepo. Lakini kilichonitoa machozi ni kwamba bibi yule alikufa kabla sijamwomba radhi. Nilimdanganya siku moja, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, na uongo ule ndio uliomfikisha mwisho wa dunia. Barua tatu alizomwagiza Goreth aniandikie sikuzijibu hata moja. Nilikuwa nazisoma, nazikunja, naziweka chini ya nguo kabatini, najiambia nitajibu Jumapili.

Nimefundisha somo la uraia shule ya msingi hadi nikastaafu. Mihimili ya dola, kazi za Bunge, haki na wajibu, hayo niamshe usingizini nitakutajia bila kukosea. Lakini mambo niliyojifunza mwaka ule, katika ghala moja karibu na stesheni, mpaka leo hayajakaa sawa kichwani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, naishi Bangwe kwa mama mkubwa, sina la kufanya ila kuchota maji na kugombana na watoto wake. Likaja tangazo kwamba anatafutwa mtu anayejua Kiswahili vizuri na anayesikilizana na Warundi. Mimi Kiha nilikinyonya kwa mama yangu kijijini Mwamgongo, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa nyumba moja, wanagombana maneno mawili matatu tu. Nikaenda, nikaulizwa maswali ya kitoto, nikaandikwa mkalimani. Nilirudi nyumbani natembea kifua mbele, na mama mkubwa akaniambia nipunguze maringo, kwanza nikaoshe masufuria.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Familia za wakimbizi zilizokubaliwa kupelekwa nchi za mbali zililetwa mjini kutoka kambini, zikalala kwenye vyumba nyuma ya ghala, na kwa wiki mbili zikafundishwa nchi zinakokwenda. Ghala lilikuwa limewahi kuhifadhi dagaa. Magunia yalishaondoka lakini harufu ilibaki ukutani, na mvua ikinyesha juu ya mabati hakuna aliyemsikia mwenzake. Mwalimu aliitwa Mdoe, mtu wa Tanga, mpole, mwenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alikuwa na kijitabu cha Kiingereza na ramani kubwa ya dunia. Alisoma Kiingereza kimoyomoyo, akatamka Kiswahili, mimi nikakigeuza Kirundi. Katika sisi wawili hakuna aliyewahi hata kupanda ndege. Siku ya kwanza aliniita pembeni akaniambia, "Zuhura, mkalimani haongezi na hapunguzi. Usichokijua, niulize. Nisichokijua mimi, tutasema hatujui." Nikaitikia ndiyo mwalimu, naye akafurahi.

Mwaka ule makundi yalipishana, lakini ninalolikumbuka kwa nyuso ni lile la masika, la watu wa Nyuzilandi. Bibi Veronika alikuja na Goreth na wajukuu wawili, wote wanne kwenye faili moja, yeye akiwa mkuu wa familia. Alikuwa mwembamba, mrefu, anatembea na kifurushi cha kitenge ambacho hakukiweka chini hata wakati wa kula. Baadaye nilijua ndani yake mna chumvi, kiberiti na sufuria ndogo. Alichagua benchi la mlangoni, akalisogeza mpaka likatazama nje, na kutoka pale aliona ziwa lote na ng'ambo milima ya Kongo, maana masika hewa huoshwa na milima inasogea karibu. Mwalimu alimwomba ageukie ubaoni. Akageuza kichwa, mwili akauacha ulivyokuwa. Goreth alikaa nyuma yake na watoto. Goreth mwenyewe hakunihitaji. Alizaliwa upande huu mama yake alipokimbia mara ya kwanza, akasoma hapa hadi darasa la saba, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha baadhi ya binamu zangu.

Tatizo lilianza na ramani. Mchwa walikuwa wamekula pembe ya chini, upande wa kulia, na kwa bahati mbaya huko ndiko nchi yenyewe iliko. Mwalimu Mdoe alitafuta kwa fimbo, akashuka, akafika pembeni, fimbo ikatoka kwenye karatasi ikagonga ukuta. Akacheka kidogo. Akachukua chaki akachora visiwa viwili pale pale ukutani, nje ya ramani, kimoja juu na kingine chini. "Hiki ni Kisiwa cha Kaskazini, na hiki ni Kisiwa cha Kusini. Katikati kuna mlango wa bahari. Mji mkuu uko hapa, mwisho wa hiki cha juu." Nikageuza. Watu walitazama chaki juu ya lipu, halafu wakanitazama mimi. Baba mmoja aliyekaa mbele akauliza kwa adabu kabisa, "Dada, hiyo nchi imo duniani?" Nilimwuliza mwalimu. Mwalimu akasema imo. Nikawaambia imo, nami mwenyewe nikawa na mashaka, kwa sababu nilikuwa naona kwa macho yangu kwamba haimo.

Basi tukaendelea, na kila siku tulizidi kupotea pamoja. Kule mwezi wa saba ndio wenye baridi kali. Lilitolewa koti moja la mfano, nene, likazungushwa, kila mtu akalivaa kwa zamu katika joto lile la ghala, na wajukuu wa Bibi Veronika wakaingia wawili kwa mpigo wakakataa kutoka. Ardhi hutikisika mara kwa mara. Hilo liliwapa faraja, kwa kuwa na kwetu hutikisika. Kisha tukaingia kwenye serikali. Mwalimu akasema mkuu wa nchi ni malkia. Siku zile alikuwa malkia. Bibi Veronika akanyoosha mkono kwa mara ya kwanza.

"Huyo malkia anakaa kisiwa kipi?"

Nikauliza. Mwalimu akapekua kijitabu. "Hakai huko. Anakaa Uingereza."

Bibi akalipima jibu. "Hata malkia wao hakai huko," alisema polepole. "Kwa nini hakai? Alikimbia?"

Hakukimbia, mwalimu alieleza, ana mwakilishi, na mwakilishi hatawali, anayetawala ni waziri mkuu, na waziri mkuu hatawali vilevile kama tunavyofikiri kwa sababu kuna Bunge. Nilipofika katikati ya maelezo hayo ulimi wangu ulijifunga. Akasema kila mpiga kura hupiga kura mbili. Bibi akauliza ya pili ni ya nini, au ni ya akiba ile ya kwanza ikiibiwa? Ghala lote likacheka, mwalimu naye akacheka, lakini Bibi hakuwa anatania. Akauliza tena, "Wakishindwa, walioshindwa wanakimbilia wapi?" Mwalimu akajibu kwamba hawakimbii, wanakaa mle mle bungeni, benchi za upande wa pili, wanawatazama walioshinda. "Nyumba moja?" "Nyumba moja." "Na silaha wanaacha wapi?" Mwalimu akasema hawana silaha, Mama. Bibi Veronika akatikisa kichwa kwa huruma, jinsi unavyomsikitikia mtu aliyeuziwa ng'ombe kipofu.

Chakula cha mchana kilikuwa wali na maharage, nyuma ya ghala, chini ya turubai. Bibi hakuupenda wali. Alisema unashibisha macho. Mama mkubwa wangu aliposikia alianza kunifungia ugali wa muhogo na dagaa wa mawese kwenye bakuli, nami nampelekea, na hivyo ndivyo tulivyozoeana. Anakula polepole, mkono wa kushoto juu ya kifurushi, ananifundisha kuzitazama nchi kwa namna yake. Alikuwa amekimbia mara mbili na kurudi mara moja. Mara ya kwanza kwa miguu, mimba ya Goreth tumboni, tangu jua lilipozama hadi alfajiri ilipomkuta upande wa Tanzania. Mara ya pili kwa mtumbwi, wakashushwa ufukweni Kibirizi kati ya magunia ya dagaa, wachukuzi wakawapisha njia. "Mwana wanje," aliniambia, yaani mwanangu, "nchi zote nzuri kabla hazijaharibika. Mimi siulizi uzuri. Nauliza mpaka uko mbali kiasi gani. Kama mwanamke mwenye mtoto mgongoni anaweza kuufikia kabla hakujapambazuka, hiyo ni nchi. Kama hawezi, hiyo ni gereza." Alisema hivyo huku anachambua mwiba wa dagaa, sauti ya kawaida kabisa.

Siku ya tisa ndipo alipouliza swali lililomaliza kila kitu. Mwalimu alikuwa amefika kwenye sehemu ya mipaka. Bibi akataka kujua majirani: nani yuko kaskazini, nani kusini, nani anapokea wakimbizi vizuri. Mwalimu akasoma, akasoma tena, akavua miwani. "Haina jirani," alisema. "Pande zote ni bahari. Nchi ya karibu ni safari ya ndege ya saa tatu." Nilisita. Nilijua tayari maneno haya yatafanya nini. Lakini haongezi na hapunguzi, nikayasema. Nilisikia mtu akivuta pumzi. Benchi moja nyuma wakaanza kunong'ona, halafu benchi la pili, na muda si muda ghala lilikuwa soko. Wazungu wengi wangeona hii ndiyo sifa ya nchi, amani pande zote. Watu wale waliona kitu kingine: nyumba isiyo na mlango wa nyuma. Baba yule wa mbele akasimama akasema, "Mwalimu, tunakushukuru, ila tungependa nchi yenye jirani." Mwalimu Mdoe alibaki na chaki mkononi. Nadhani alikuwa na uchungu, kwani aliipenda ile nchi yake ya chaki.

Wengine walitulia baada ya siku mbili. Bibi Veronika hakutulia. Alisema haweki dole gumba lake kwenye karatasi ya kukubali safari. Na bila dole lake faili lote linafungwa, wanapanda lori la Ijumaa kurudi kambini, na kambi ilikuwa inafungwa, kila mtu alijua, watu wanahimizwa warudi kwao. Nyuma ya turubai niliwasikia wanawake wakimsema Goreth: kwao shamba limekaliwa na watu wengine, na watu hao ndio waliomuua mumewe, sasa arudi akawasalimie vipi? Mmoja akasema mzee wa watu aachwe, kila mtu na woga wake. Mwingine akasema woga wake utaua watoto. Nilikuwa nimeinama nafunga viatu na nikaendelea kuvifunga muda mrefu kuliko viatu vinavyohitaji.

Goreth alinikuta bombani Alhamisi mchana. Hakulia. Aliweka ndoo chini akaniambia, "Zuhura, wewe anakusikiliza. Mimi nimeshindwa. Nimempigia magoti, nimemnunia, nimeshindwa. Mwambie kitu." Nikamwuliza nimwambie nini. Akasema, "Sijui. Mimi sijui nchi ile. Ungekuwa unaijua ungemwambia." Akajitwisha ndoo akaenda, na maji yalikuwa yanamwagika begani, hakuyafuta.

Ijumaa asubuhi kulikuwa na meza, wino, karatasi, na nje lori limeshawasha injini. Bibi aliitwa. Akaja na kifurushi chake, akasimama mbele ya ile chaki ukutani, akaitazama kama anayetafuta ufa. Kisha akanigeukia mimi, si mwalimu, akaniuliza kwa Kirundi neno moja, taratibu. Aliuliza kama kuna hakurya, yaani upande wa pili. Ukisimama ufukweni pale watakapokaa, je, ng'ambo inaonekana, kama hii? Akaelekeza kidevu mlangoni, kwenye milima ya Kongo.

Mwalimu Mdoe alikuwa anasubiri nimgeuzie swali nimpe. Sikumpa. Nilimtazama bibi usoni nikasema, "Inaonekana." Akauliza, "Vizuri?" Nikasema, "Siku isiyo na mawingu, vizuri." Hata lile la mawingu sijui lilitoka wapi, nadhani mwongo huongeza kipande cha ukweli anachokijua yeye, na mimi nilichokijua ni ziwa letu. Bibi Veronika akavuta pumzi, akachovya dole gumba kwenye wino, akaliweka kwenye karatasi kwa nguvu mpaka meza ikalalamika. Mwalimu akaniuliza alikuwa anasemaje. Nikamwambia alikuwa anaaga. Siku basi lilipokuja kuwachukua, Bibi alinishika mikono yote miwili, akaniambia urakoze, asante, mtoto wa Bangwe, nami nikataka ardhi itikisike pale pale.

Tangu hapo sikupata raha na jambo hili. Nikijitetea najiambia niliokoa watu wanne. Halafu namwona amesimama kwenye ufukwe wa baridi, bahari tupu mbele yake, anatafuta nilichomwahidi. Nilipoanza kufundisha uraia, nikifika mada ya mipaka ya nchi nilikuwa nawapa watoto zoezi la kunakili. Mume wangu marehemu nilimsimulia mara moja akasema ni jambo dogo. Sikumsimulia tena.

Sasa Goreth alikuwa mezani kwangu, anakula mgebuka wa mawese kwa mikono, anafyonza mifupa. Nikaona nikinyamaza leo nitanyamaza mpaka na mimi nizikwe. Nikamwambia, "Goreth, siku ile ya dole gumba. Mimi nilikuwa sijui kama kuna ng'ambo. Nilisema tu."

Hakuacha kula. "Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Mwalimu hukumwuliza. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, na Kiswahili nakijua, ungemwuliza ningesikia. Uliulizwa, ukajibu, mwalimu hukumtupia hata jicho." Akafuta vidole. "Ningeweza kusema. Nilikuwa nataka aweke dole."

Miaka yote ile nilijiona mimi ndiye mwizi, kumbe tulikuwa wawili.

"Walitupa nyumba mtaa wa mlimani," akaendelea. "Dirisha la jikoni linatazama bahari. Mawingu, Zuhura. Mvua na upepo. Kila asubuhi mama anasimama pale na kikombe cha chai ananiuliza hakurya iko wapi, namwambia mawingu, Mama, yakiondoka utaiona. Mungu anisamehe, kila usiku nilikuwa naomba yasiondoke."

"Yakaondoka?"

"Baada ya miezi miwili. Siku hiyo naosha vyombo, nikamsikia ananiita. Sikutaka kugeuka. Nilipogeuka..." Akaweka mfupa chini. "Milima. Milima mirefu, ng'ambo ya maji, na weupe wa theluji juu. Kile kisiwa kingine cha mwalimu, cha chini. Niliangusha sahani. Mama akasema, mtoto wa Bangwe alisema kweli. Ndiyo barua ya kwanza niliyokuandikia."

Ile barua niliisoma. Ilisema tu, mama anakusalimu, anasema ulisema kweli. Nilidhani bibi ananisimanga.

Tulitoka nje na chai zetu. Mwezi wa nane moshi wa mashamba na vumbi huziba ziwa, na ng'ambo palikuwa na ukungu mtupu, hakuna Kongo wala dalili yake. Goreth alitazama huko muda. Nikamwambia mvua zikianza itaonekana. Akasema anajua. Nilikuwa nimefurahi, na nilikuwa na hasira, na sikujua kama uongo ukigeuka kweli miezi miwili baadaye unasamehewa au unabaki palepale. Nikamwuliza kama bibi alikuja kufahamu kwamba ng'ambo ile ni nchi ile ile, haina mpaka wowote, mtu akivuka anakuta polisi wale wale na Bunge lile lile.

"Aliuliza siku ile ile," Goreth alisema. "Kule serikali ya nani? Nikaona nisimdanganye mara ya pili. Nikamwambia, ni hii hii ya kwetu, Mama. Nikajua leo atalia. Akakaa chini, akanywa chai yote, akatazama milima. Halafu akasema, basi, siku tukikimbia, tutakimbilia kwetu."